Umechangia damu ukaambiwa una homa ya ini B: vipimo vinavyofuata

Mkuu uliyeuliza mbona kipimo cha haraka kilisema hasi, kisha benki ya damu wakakuambia una homa ya ini B: majibu yote mawili yanaweza kuwa sahihi. Damu ya kuchangia hupimwa HBsAg, protini ya ganda la kirusi. Kipimo cha haraka hakitoi mstari mpaka protini hiyo iwe nyingi kiasi. ELISA, kipimo cha mashine cha maabara, hunasa hata kidogo. Tena HBsAg huchukua kama mwezi tangu maambukizi hadi kuonekana, pengine hadi wiki 9. Na chanjo yenyewe inaweza kuleta chanya ya muda kwa wiki mbili tatu, kwa hiyo kama umechanjwa karibuni, sema.

Rudia HBsAg maabara, kisha tena baada ya miezi 6. Ikibaki chanya, ni sugu, yaani ya muda mrefu. Hapa ndipo ndoa nyingi zinavunjwa bure kwa kushukiana usaliti: mtu mzima anayeambukizwa leo, chini ya 5% tu hubaki na kirusi, ila kwa mtoto mchanga hufika 90%. Mchangiaji asiye na dalili yoyote, mara nyingi amekaa nacho tangu utotoni.

Usikimbilie dawa, wala zile chupa za "kusafisha ini". Pima ALT na AST (vimeng'enya vinavyopanda ini likiumia), chembe sahani (platelets), wingi wa virusi (HBV DNA), ultrasaundi ya ini, na VVU. Usiruke VVU: tenofovir hutibu yote mawili, lakini ukiitumia peke yake huku una VVU unavitengenezea usugu wa dawa. Kwa mwongozo wa WHO wa 2024, dawa huanza kama DNA imezidi 2,000 IU/mL na ALT iko juu (zaidi ya 30 U/L kwa mwanaume, 19 kwa mwanamke), au kama ini lina makovu, hata virusi viwe vichache. Makovu hukadiriwa kwa APRI: gawa AST kwa kiwango cha juu cha kawaida cha maabara yako, zidisha kwa 100, gawa kwa chembe sahani (10⁹/L). Ikizidi 0.5, daktari aangalie dawa. Dozi ni tenofovir miligramu 300 kwa siku. Ukiiacha ghafla virusi hufumuka na ini linaweza kufeli.

Usipoanza dawa, bado rudia ALT na DNA kila mwaka. Pombe acha. Mahindi na karanga zenye ukungu tupa, maana sumukuvu ikikutana na kirusi hiki huongeza sana hatari ya saratani ya ini.

Mwenza na watoto wapimwe. Walio hasi wachanjwe mwezi 0, 1 na 6. Mke akiwa mjamzito na ni chanya, mtoto apate chanjo ndani ya saa 24. Kusubiri ile ya kawaida ya kliniki ya wiki ya 6 ni kuchelewa kwake.

Ikithibitika una kirusi, kuchangia damu ndiyo basi. Hata ndugu akikwama wodini, tafuta mwingine wa kumtolea.