Jibu: ampu ndogo ya besi inayoacha sauti ya gitaa ilivyo

Ndugu, nimesoma swali lako. Una gitaa la besi aina ya Jazz Bass, la nyuzi nne na lisilotumia betri, Jumapili uko kanisani Donholm, wikendi mnapiga rumba na benga kwenye mkahawa upande wa Ngong Road, na usafiri wako ni matatu. Unataka ampu, yaani kikuza sauti, ya kubeba kwa mkono mmoja ambayo haitageuza sauti ya gitaa lako. Waliotangulia kujibu wamekutajia wati tu: mia tatu, mia tano, mia nane. Mimi naanzia kwingine.

Ampu inayokusisimua dukani ukiwa peke yako mara nyingi ndiyo itakayokupoteza ukiwa na bendi. Mteja hujaribu ampu akiwa ameketi, hakuna ngoma, hakuna kinanda, hakuna solo. Basi ampu nyingi ndogo zimepandishwa kidogo kwenye hezi 80 hadi 100 (hezi ni mitetemo kwa sekunde, namba ikiwa ndogo sauti ni nzito), zikapandishwa tena juu kabisa, katikati pakashushwa. Ukiisikiliza nyumbani ni nzito na tamu. Ifikishe mkahawani: ngoma ya mguu imeshakalia kule chini, matoazi yamejaa kule juu, na mahali pekee ulipokuwa na nafasi yako, pale katikati, ampu imepatupa. Utaongeza volyumu, na bado mwimbaji atageuka kukuuliza kama uko.

Sisi wa huku tunaihitaji ile katikati kuliko watu wengi. Sikiliza besi ya Tom Malanga kwenye rekodi za Les Wanyika, bendi iliyoundwa hapa hapa Nairobi mwaka 1978. Unaweza kuiimba ile besi, kila noti ina mwanzo na mwisho. Benga ndiyo kabisa, besi inakimbizana na solo na haikai nyuma kushikilia ukuta. Mambo hayo hayatokei kwenye hezi 50. Yanatokea kuanzia 200 hadi 800 hivi, na ampu isiyo na kitu pale haifai hata ikitingisha meza.

Sasa kuhusu udogo. Uzi wa E ukipigwa mtupu unatoa hezi 41 na ushei. Spika ya inchi 8 ndani ya kisanduku unachoweza kupakata haitakutolea hiyo 41 kwa nguvu ya maana, tangazo liseme litakavyo. Wahandisi wa spika wana kanuni waliyoipa jina la Anton Hofmann, yule ambaye ndiye H ya kampuni ya KLH iliyoanzishwa Marekani mwaka 1957: kisanduku kidogo, sauti za chini sana, na mlio mkubwa kwa wati chache. Viwili utapata, cha tatu utakikosa. Bahati nzuri sikio halidai 41 nyingi. Uzi huo huo wa E unatoa pia 82, 124, 165 na kuendelea, na ubongo ukizipata hizo unajijazia wenyewe ile ya chini. Ndiyo maana besi inasikika hata kwenye redio ndogo ya jikoni.

Kwa hiyo ampu ndogo iliyo mkweli huziacha zile za chini kabisa zipungue taratibu, halafu inatoa zilizobaki kwa usawa. Ile ya uongo huficha upungufu kwa kuvimbisha 90, na kila noti inatoka na uvimbe ule ule. Uwe uko F, uwe uko A, msikilizaji anasikia "buu" moja.

Utaitambuaje dukani? Nenda na gitaa lako na kebo yako, usikubali kushikishwa gitaa la ukutani. Zima kila kitufe chenye jina la kuvutia: Contour, Deep, Bright, Shape, na kompresa kama ipo. Vifundo vya besi, mid (sauti za katikati) na treble (za juu) viweke mshale ukitazama juu. Hapa pana mtego. Kwenye ampu nyingi za siku hizi hapo ndipo usawa ulipo, lakini zile zenye saketi ya mtindo wa zamani wa kampuni ya Fender huwa zimeshusha katikati hata mshale ukitazama juu. Kwenye hizo inabidi upandishe mid karibu mwisho na kushusha besi na treble ndipo uanze kusikia gitaa.

Kisha piga A kwenye freti ya tano ya uzi wa E, halafu uzi wa A mtupu. Noti ni moja, hezi 55, lakini mlio si mmoja: uzi mnene uliobanwa ni mzito na una giza kidogo, uzi mtupu unafunguka na kung'aa. Unaujua utofauti huo, vidole vyako vinautumia kila wiki bila wewe kufikiri. Ampu ya kweli inautoa. A zote mbili zikitoka pacha, shukuru muuzaji, toka. Sogeza mkono wa kulia kutoka karibu na shingo hadi juu ya daraja, sauti inapaswa kukauka hatua kwa hatua. Funga pikapu ya nyuma (pikapu ni sumaku inayonasa mlio wa nyuzi), kisha uifungue ufunge ya mbele. Jazz Bass ina sauti tatu nne ndani yake kabla hujagusa ampu, na hizo ndizo unazolipia zisipotee.

Ukimaliza hapo, panda freti moja moja kutoka F ya chini hadi freti ya 12 ya uzi wa G, nguvu ya kidole ile ile. Ukikuta noti moja au mbili zinaruka na kuvuma kuliko wenzake, kisanduku chenyewe kinaimba. Lakini jaribu kona nyingine ya duka kabla ya kukilaumu, maana chumba nacho huimba.

Fanya haya yote kwa sauti ya bendi. Muuzaji atakunja uso, mwombe kwa adabu. Tangu mwaka 1933 Fletcher na Munson wa maabara za Bell walipopima masikio ya watu, inajulikana kwamba sauti ikiwa ndogo sikio linapoteza za chini kwanza. Ukijaribu kwa unong'ono, utachagua ile iliyovimbishwa, kwa sababu kwa unong'ono ndiyo inayosikika sawa. Na chuchumaa. Ampu ikiwa sakafuni, sauti za juu zinapita kwenye magoti yako na masikio yanabaki na za chini tu, halafu unasema ampu haina uwazi. Ama uchuchumae, ama uilaze nyuma kidogo.

Wati sasa, kwa ufupi. Ukizidisha wati mara mbili unaongeza desibeli 3 (kipimo cha ukubwa wa sauti), tofauti ambayo aliyekaa meza ya nyuma ataigundua kwa shida. Ili sikio lione sauti imekuwa kubwa maradufu unahitaji kama desibeli 10, yaani wati mara kumi. Spika inayotoa desibeli 97 kwa wati moja imeshampita mwenzake wa 94 kana kwamba amepewa ampu yenye nguvu maradufu, kwa hiyo soma namba hiyo kabla ya wati. Zile hesabu za PMPO, yaani wati zilizotiwa chumvi, zilizobandikwa kwenye redio za Luthuli Avenue ziache huko huko. Kwa mkahawa wa kawaida wati 100 hadi 300 za kweli zinatosha, mradi mpiga ngoma wenu ni binadamu.

Kuna aliyeandika hapo juu kwamba ampu nyepesi za klasi D haziwezi kuwa na sauti ya asili. Sikubaliani. Uzito umepungua kwa sababu klasi D inawasha na kuzima umeme mara mamia ya maelfu kwa sekunde na kupoteza joto kidogo, transfoma nzito imeondoka, na sumaku za neodimiamu zimechukua nafasi ya zile nzito za ferati. Sauti anayoilalamikia mara nyingi imetoka kwenye priampu (sehemu inayoandaa sauti kabla ya kukuzwa) au kwenye kisanduku. Ampeg Portaflex B-15 ya mwaka 1960 inapendwa hadi leo, nami naipenda, lakini ile ina valvu, zile taa za kioo za zamani, zinazoongeza utamu wake. Ni nzuri mno, ila usiiite sauti ya gitaa peke yake. Na hutapanda nayo matatu.

Majina basi. Fender Rumble 100 ina kilo 10 hivi, spika ya inchi 12, na tundu la XLR la kwenda kwenye mixa. Zima Contour, inakula katikati. Kwa kazi yako na mfuko wa kawaida ningeiangalia hiyo kwanza. Ukiwa na pesa zaidi, Markbass Mini CMD 121P kutoka Italia ina kilo 13 hivi, wati 300 kwa spika yake ya ndani ya omu 8 (omu ni kipimo cha ukinzani wa umeme), na ukiongeza kisanduku kingine cha omu 8 unafika omu 4 na wati 500. Ina vifundo viwili, VLE na VPF: cha kwanza kinakata za juu, cha pili kinachimba katikati. Vyote viwili viweke sifuri, ndipo unajua umenunua nini. Phil Jones Bass wanatumia spika nyingi ndogo za inchi 5 badala ya moja kubwa, na kwa uwazi wa noti sijasikia nyingi zinazozifikia, ingawa kwa kishindo haziwezi kushindana na ngoma kali. Roland Micro Cube Bass RX ya betri sita za AA ni ya chumbani. Anayekuuzia kwa ajili ya bendi anakudanganya.

Njia ambayo watu wanaisahau: spika ya mitambo ya sauti ya ukumbi yenye ampu ndani, ya inchi 10 au 12, na kiboksi cha priampu mbele yake. Ile imetengenezwa kutoa kila kitu kwa usawa, na ukiacha besi inakufaa kwa kinanda na kwa maikrofoni. Ampu ya gitaa la solo usiiguse, besi inaweza kuichana spika yake.

Kanisani kwenu mna mitambo, kwa hiyo wanaokusikia kwenye viti hawasikii ampu yako, wanasikia kinachotoka kwenye lile tundu la XLR. Kama pale pana swichi ya Pre na Post, iweke kwenye Pre, ili mtu wa mitambo apate gitaa kabla ya vifundo vyako, na yako uirekebishe utakavyo bila kumharibia. Kukiwa na mvumo wa stima, bonyeza Ground Lift, kitufe kinachotenganisha ethi ya kebo ya XLR. Usithubutu kung'oa waya wa ethi kwenye plagi, hata fundi wa kanisa akikuambia ndivyo wanavyofanya siku zote.

Ukiletewa ampu na mtu kutoka Marekani, geuza usome nyuma kabla ya kulipa. Ikiandikwa 100–240V uko salama. Ikiandikwa 120V pekee, kwa 240 yetu utahitaji transfoma ya kushusha, na transfoma yenye wati za kutosha ina uzito wa kukufanya usahau neno kubebeka. Kuna zenye swichi ya volti, lakini hizo nazo mara nyingi zinataka fyuzi ya kiwango kingine, kwa hiyo uliza.

Kuhusu matatu: kilo 10 unaweka mapajani, kilo 13 unaweka njiani na konda anaanza maneno, zaidi ya hapo lipa kiti chake mapema mkaelewana. Nunua mfuko wenye mkanda wa begani, mkono wa pili umeshikwa na gitaa.

Hujasema jukwaa la mkahawa ni la mbao au ni saruji. Kama ni mbao tupu chini, ampu yoyote kati ya hizi itavuma ukiiweka sakafuni, na itabidi uiweke juu ya kreti au kiti. Niambie hilo, na kama mpiga ngoma wenu anatumia vijiti au brashi, maana kwa vijiti vizito ningekuambia uiruke Rumble 100 na ukusanye pesa kidogo zaidi.