Barua kwa mwanangu: lile goti na hiyo supu ya tangawizi

Mwanangu, salaam aleikum.

Voisi yako nimeisikiliza mara tatu, maana spika ya simu yangu nayo imezeeka kama mwenyewe. Nimekuelewa. Goti limevimba tangu mpira wa Jumapili, unameza diklofenaki, vile vidonge vya maumivu, kila siku na tumbo tupu, tumbo limeanza kuwaka moto, na rafiki yako kakwambia tupa vidonge, chemsha tangawizi na manjano na kitunguu saumu, kunywa kikombe kutwa mara tatu, wiki moja umepona. Unaniuliza ni kweli au porojo.

Kweli ipo, ila kidogo. Na anayekwambia hivyo ni mimi ninayeuza hivyo vitu sokoni tangu wewe uko darasa la pili, ada yako ililipwa na manjano na karafuu, ningetaka hela ningekwambia nunua kilo mbili.

Kwanza hizo diklo na tumbo tupu, baba angu, nani kakufundisha? Zinapunguza uvimbe sawa, lakini zinakwangua tumbo, na ukizizoea zinasumbua mpaka figo. Tumbo likishawaka usiendelee, simamisha, nenda duka la dawa uongee na mfamasia mwenyewe sio yule kijana wa kuuza, mwambie habari ya tumbo, mara nyingi watakupa panado ambayo kwa tumbo ni ya upole. Ukiona choo cheusi kama lami hapo usiniandikie tena mimi, nenda hospitali siku hiyohiyo.

Alafu najua unavyompenda bibi yako na kukanda kwake kwa maji moto. Ila goti lililovimba juzijuzi halikandwi, joto linazidisha uvimbe. Siku mbili tatu za mwanzo ni barafu, ifunge kwenye kitambaa usiweke kwenye ngozi hivihivi, dakika 15 mpaka 20, unaacha masaa mawili unarudia, na ukilala mguu uwe juu ya mto. Kukanda na kuchua ni baadae uvimbe ukishashuka na kubaki ule ukakamavu, hapo bibi yako hana mpinzani.

Sasa hiyo supu yenu. Tangawizi nakubali, ina kitu kinachopunguza uvimbe na maumivu, ila taratibu, sio kama kidonge, na ukinywa chai yake kila siku haina ubaya. Manjano ndo watu wanaitia chumvi sana. Kile kinachofanya kazi ndani yake kinaitwa kurkumini, na kwenye gramu 100 za manjano ya unga unapata kama gramu 3 tu, na hizo nazo mwili unazipitisha tu hazikai. Mwaka 1998 watafiti wa India walipima wakaona ukiichanganya na kile kikali cha pilipili manga, kinachoingia kwenye damu kinapanda karibu mara 20. Kwahiyo kama unataka manjano tia kwenye chakula chenye mafuta na pilipili manga, yaani pika mchuzi kama tunavyopika siku zote, usinywe maji ya njano ukadhani umekunywa dawa. Na nunua vipande vizima utwange mwenyewe, za unga zingine sokoni zimetiwa mambo, sisemi ni meza ya nani.

Vitunguu saumu vya kula ni vizuri, ila vikombe vitatu kwa siku na tangawizi na manjano kwa wingi, hivyo vyote vinalegeza damu isigande haraka, na diklo nazo zinafanya hivyohivyo. Ukichanganya yote na tumbo lenyewe huenda lina kidonda, si unajitafutia? Na mtu wa dawa za kuzuia damu kuganda au anayesubiri operesheni asiguse kabisa bila kumuuliza daktari.

Pilipili je? Hiyo usicheke. Ule ukali wake unatengenezewa krimu ya kupaka kwenye viungo, na aliyegundua mlango wa mwilini unaousikia huo moto, David Julius, alipewa tuzo ya Nobel mwaka 2021. Ila usije ukajisugua pilipili ya jikoni, utaungua ngozi alafu utajishika macho. Karafuu iache kwa ajili ya jino, kwa goti ni manukato tu.

Lakini kuna kitu kinanitisha kuliko hizo supu. Unamkumbuka mama mkubwa wako na nyonga zake? Alinunua unga kwa mtu wa spika, umewekwa kwenye chupa ya maji ya kunywa, "dawa ya miti asilia", siku ya pili anacheza kwenye harusi sisi wote tunashangaa. Mwezi wa pili uso umejaa kama andazi, sukari imepanda, daktari akaomba aone hiyo chupa akasema dalili zote ni za steroidi, zile dawa kali za kushusha uvimbe, inaelekea mtu kasaga vidonge akachanganya na magome. Na hakuruhusiwa kuacha ghafla, walimpunguzia pole pole, maana mwili ulishazoea. Miti haiondoi maumivu ya miaka kwa usiku mmoja mwanangu, ikiondoa uliza kilichomo.

Mimi sio mpinzani wa miti eti, hata asprini ilianzia kwenye gome la mti wa willow, wazungu walikuwa wanalitumia kwa homa kabla ya Felix Hoffmann wa kampuni ya dawa ya Bayer kuitengeneza maabara mwaka 1897. Ila pale walipima kiasi, wewe unapima kwa kiganja.

Goti likiwa jekundu na la moto pamoja na homa, au ukishindwa kulikanyagia, au likikwama halikunjuki, au nyuma ya mguu kwenye misuli pakivimba na kuuma, hayo sio ya jikoni kabisa. Na hata kama hamna hayo, ikifika wiki ya pili halijashuka nenda wakalipige picha, mpira wenu wa Jumapili utasubiri.

Nimempa konda wa basi la asubuhi mfuko wako. Kuna tangawizi mbichi, manjano vipande na pilipili manga kidogo. Kitunguu saumu sijatia, na ukipokea nipigie.

Mama yako