Nyotamkia yenye e zaidi ya 1: ilitoka wapi, na itarudi lini?

Swali: Nimechukua elementi za obiti (namba zinazoeleza njia yake) za nyotamkia ya muda mrefu, tarehe yake ya rejea ikiwa karibu na periheli, yaani pale inapokuwa karibu zaidi na Jua. Kipimo cha umbo la obiti, e, ni 1.0001, na e ikizidi 1 obiti haijifungi. Je, ndiyo kusema imetoka nje ya mfumo wa Jua na haitarudi? Nitajuaje mzunguko wake uliopita ulikuwa wa miaka mingapi, na ujao utakuwa wa mingapi?

Jibu: Usiihukumu mapema. Elementi hizo ni za papo hapo: zinaonyesha njia ambayo nyotamkia ingefuata kama sayari zote zingetoweka tarehe ile, Jua likabaki peke yake. Jua nalo halijatulia. Linazunguka kitovu cha masi cha mfumo mzima kwa kasi ya mita kumi na ushei kwa sekunde, likivutwa hasa na Mshtarii. Nishati ya obiti ya nyotamkia kama yako iko jirani na sufuri, kwa hiyo myumbo mdogo namna hiyo unatosha kuivusha e upande wa pili wa 1. Mgeni wa kweli, aliyetoka nje ya mfumo wa Jua, hana haja ya kubahatishwa: nyotamkia 2I/Borisov ya mwaka 2019 ilikuwa na e ya 3.36.

Unachotaka ni thamani mbili za 1/a, moja kabla ya kuingia kwenye eneo la sayari na nyingine baada ya kutoka, zote zikipimwa kutoka kitovu cha masi. (Hapo a ni nusu ya mhimili mrefu wa obiti, kwa vizio astronomia; kizio kimoja ni wastani wa umbali kati ya Dunia na Jua.)

Fungua Horizons, mfumo wa mtandaoni wa maabara ya JPL ya NASA unaokokotoa njia za magimba ya angani, uchague jedwali la elementi za obiti badala ya jedwali la mahali angani. Sehemu ya kitovu andika 500@0, yaani kitovu cha masi cha mfumo mzima. Ukiacha Jua kuwa kitovu, kazi yote imeharibika, na hili ndilo kosa linalojirudia kuliko yote. Weka vipimo viwe vizio astronomia na siku, kisha omba mwaka 1800 na mwaka 2200. Kwa nini mbali hivyo? Miaka 200 kutoka periheli, nyotamkia ya aina hii huwa umbali wa karibu vizio 190, na huko elementi karibu hazibadiliki tena. Soma safu ya A, ambayo ndiyo a. P, yaani muda wa mzunguko mmoja, kwa miaka ni a ikipandishwa kipeo cha 1.5. A ikiwa hasi hata huko, hapo ndipo useme obiti iko wazi.

Tazama nyotamkia Hale-Bopp. Aprili 1996 ilipita vizio 0.77 tu kutoka Mshtarii, ikapokonywa sehemu ya nishati yake. Kabla ya hapo a ilikuwa karibu 260, yaani miaka 4200 hivi. Sasa ni karibu 180, miaka 2400 hivi. Kwa hiyo jibu la “muda wake ni miaka mingapi” ni mawili, na anayetaja moja bila kusema ni la kwenda au la kurudi hajakujibu.

Sasa makosa ya vipimo. Tuseme umepata 1/a ya 0.00005, kosa likiwa 0.00001 juu au chini. P ya katikati ni miaka milioni 2.8, lakini mipaka yake ni milioni 2.2 na milioni 4. Ndiyo maana wataalamu hutaja 1/a pamoja na kosa lake, hawatangazi mwaka wa kurudi. Ukitaka picha kamili, tengeneza nakala elfu moja za obiti kutokana na jedwali la makosa, uzikimbize zote kwa programu ya kuigiza mienendo ya obiti kama REBOUND, kwa kikokotozi chake cha IAS15 kinachojipunguzia hatua kinapokaribia sayari.

Gesi inayofuka kwenye kiini nayo husukuma nyotamkia. Ikipuuzwa, 1/a ya awali huelekea kutoka ndogo kuliko ilivyo, hata hasi, na watu hukimbilia kutangaza mgeni. Angalia kama elementi zina A1 na A2, namba zinazowakilisha msukumo huo wa gesi. Tena a ikizidi 10,000, usirudi nyuma mzunguko mzima kwa sayari peke yake: mvutano wa galaksi na nyota zinazopita karibu hubadilisha periheli yenyewe.

Na ukikuta e imeandikwa 1.0 kamili, hiyo haikupimwa. Imekisiwa kwa sababu uchunguzi ni wa siku chache mno. Subiri data zaidi.