Kwa mgeni wa mbegu zilizoungua

Vijana wanaokuja kujifunza kazi yetu ya kutafuta mabaki ya mimea ya kale hufika na picha ya fuvu kichwani. Fuvu hutalipata. Utapata punje ya wimbi, nyeusi, ya mviringo, milimita moja na nusu hivi, nawe utakuwa umeinamia ndoo ya maji mpaka kiuno kinalia.

Tuanze na hiyo ndoo. Pima udongo kwa lita kabla haujaonja maji, na uandike. Punje 3 katika lita 10 si sawa na punje 3 katika lita 100. Kisha umimine polepole, ukoroge kwa mkono bila kupigapiga. Mkaa na mbegu zilizoungua huelea. Mawe na mifupa huzama. Chuja kinachoelea kwa kitambaa chenye matundu ya robo milimita, ufunge, uanike kivulini.

Kivulini, nasema. Msimu wangu wa kwanza, karibu na Nakuru, niliona mawingu yanajikusanya nikavitandaza vifurushi juu ya bati la moto ili vikauke upesi. Jioni nikafungua kimoja: mkaa umepasuka kama tope la kiangazi, na punje niliyoiona nzima asubuhi imekuwa vipande vinne. Kiongozi wetu hakunigombeza. Alinipa kibano akaniambia nihesabu vipande vyote.

Aibu ya pili ilikuwa ya mbegu za mchicha. Nilizipata mita moja chini, zinang'aa, nikaita watu. Mzee wa kijiji tuliyekuwa tukichimba naye akacheka: "Hizo ni ghala la sisimizi, mwanangu." Kwa mvua zetu, mbegu isiyoungua haikai miaka elfu ikang'aa. Moto ndio unaoihifadhi. Katika pango la Njoro River Cave, Kenya, ambapo wanaakiolojia Mary na Louis Leakey walichimba mwaka 1938, watu wa miaka 3,000 hivi iliyopita waliwachoma wafu wao, na moto huohuo ukatuachia vibuyu, chombo cha mbao na kamba.

Kwa hiyo mara nyingi tunachookota ni ajali za wapishi: kilichomwagika motoni. Mboga za majani zilizochemshwa na kuliwa zote haziachi punje. Usiandike kamwe kwamba watu wa mahali fulani hawakula mboga kwa sababu wewe hukuziona. Kwa mimea ya namna hiyo tunatafuta chembe za wanga kwenye mawe ya kusagia, na fitolithi, yaani vijiwe vidogo vinavyojengeka ndani ya mmea.

Tena, usiuamini mkaa uliokaa jirani na punje ukuambie umri wake. Kitu kidogo hivyo huteleza ndani ya tundu la mchwa kikashuka tabaka mbili. Pima umri wa punje yenyewe. Ndivyo ilivyofanyika kwenye pango la Kakapel, kaunti ya Busia, na matokeo yaliyochapishwa mwaka 2024 yakaonyesha kunde ya miaka 2,300 hivi. Na ukikuta hindi chini ya tabaka la miaka elfu, usipige simu gazetini. Mahindi yalitoka Amerika, hayajamaliza hata miaka 600 huku kwetu. Tafuta shimo la fuko.

Haya yote utayashika haraka. Kinachowachelewesha wengi ni kutoijua mimea iliyo hai. Kijana ana shahada lakini hawezi kutofautisha wimbi na mtama bila kuuliza simu! Kabla ya maabara, nenda soko la Kibuye, Kisumu, ukae na akina mama wa nafaka. Waulize kwa Kijaluo kipi ni kal, yaani wimbi, na kipi ni bel, yaani mtama, kipi hutwangwa, kipi hukaangwa kwanza. Nunua kidogo kidogo, kisha uchome kwenye oveni kwa joto tofauti, maana punje iliyoungua huvimba na kubadilika umbo, nawe utalazimika kuitambua ikiwa hivyo.

Mama mmoja pale aliniuliza kwa nini naharibu wimbi lake. Nilipomweleza, akanipimia nusu gorogoro, akainama chini ya meza akanifungia na mfuko wa makapi. "Na haya uchome," akasema. "Nyanya yangu hakuwa anapepeta vizuri."