Umenunua randa mpya? Tuonyeshe kwanza jiwe la kunolea

Sisi maseremala wa Jumamosi, ambao Jumatatu tunarudi ofisini na tai zetu, tuna kaugonjwa kamoja. Tukikutana kwa mmoja wetu, chai haijamiminwa bado, tayari kuna mtu anafungua mfuko: "Wadau, hebu oneni nilichookota sokoni Gerezani." Kifaa kinapita mkono kwa mkono. Huyu anafumba jicho moja akitazama kama kimenyooka, yule anauliza bei, akishatajiwa anaguna. Napenda sana dakika hizo, na nikiwa na changu sijivungi. Lakini katika mifuko yote iliyofunguliwa mbele yangu, sijaona mtu akitoa kwa maringo jiwe la kunolea. Watu wanatoa randa, misumeno, seti za patasi zenye mipini inayong'aa, kisha wanalalamika kwamba mninga ni mbao ngumu.

Basi kwa anayeanza, ushauri wangu ni mmoja na mengine yote yanautegemea: hela ya kwanza iende kwenye kunoa. Randa kuukuu iliyonolewa vizuri itakutolea maranda membamba yanayojikunja. Randa mpya kutoka kwenye boksi, ambayo kiwandani imesagwa tu ikafungwa, itang'oa nyuzi za mbao na kukuachia mashimo.

Na hela yenyewe si nyingi. Nenda kwa fundi vioo, mwombe kipande chakavu cha kioo kinene, milimita 6 kwenda juu. Wengi wanakupa bure au kwa hela ya soda. Duka la rangi ununue msasa wa maji, namba 220, 400, 1000 na 2000. Lowanisha kioo, bandika msasa, umepata jiwe bapa kuliko mengi yanayouzwa. Geuza kisu cha randa chali kwanza, sugua mgongo wake, ule uso bapa, sentimita mbili za mwisho mpaka ung'ae mfululizo hadi kwenye makali. Watu wengi wanairuka hatua hii, wananoa upande mmoja tu na kushangaa. Makali ni pale nyuso mbili zinapokutana. Ukinoa uso mmoja ukaacha wa pili na mikwaruzo, umefanya nusu ya kazi.

Ukimaliza mgongo ndipo ugeukie mwinamo, ule uso ulioinama unaoishia kwenye makali. Huna kipima pembe? Pima unene wa kisu, kisha pima urefu wa mwinamo wenyewe. Ukiwa mara mbili ya unene, una nyuzi 30 kamili, pembe inayofaa kwa patasi na randa ya kazi zetu. Sugua mpaka ukipitisha kidole mgongoni, kuelekea nje ya makali na si kando yake, usikie kaukingo kanakokwaruza upana wote. Kaukingo hako ndiyo ishara kwamba umefika kwenye makali. Kama hakapo kwenye kona moja, kona hiyo bado, usibadilishe msasa. Ukikapata, nenda namba ya juu, na mwisho pitisha kisu mara chache kila upande kwenye kipande cha ngozi ya mkanda wa zamani. Kijaribu kwenye kichwa cha ubao wa msonobari, pale ulipokatwa kukingama nyuzi. Kikikata na kuacha uso laini, twende kazi. Kikiponda na kuacha unga, rudi kwenye kioo.

Sasa turudi kwenye mifuko yetu.

Kama unanunua randa moja tu, nunua ya mtumba na iwe ya chuma. Muundo unaoonekana zaidi sokoni ni wa Leonard Bailey, Mmarekani ambaye hataza zake zilinunuliwa na kampuni ya Stanley mwaka 1869. Kampuni ya Record ya Sheffield, Uingereza, nayo ilianza kutengeneza randa za muundo huohuo mwaka 1931, ikafuata na namba zilezile za ukubwa. Ndiyo maana randa ya namba 4 ni ileile inchi 9 na ushee, na namba 5 ni inchi 14, bila kujali jina lililoandikwa. Wenzangu wengi wanaipenda namba 4 kwa sababu ni ndogo na inapendeza mezani. Mimi nasema anza na namba 5. Ubao uliotoka kwa muuza mbao umepinda, na randa fupi inapanda na kushuka na mapindo yake, wakati ndefu inavuka mabondeni na kukata vilima tu.

Muuzaji atakuambia ni "orijino, ya Mwingereza". Mwitikie, huku ukiifungua. Ndiyo, ifungue palepale kaunta. Asiyekubali ufungue, mwachie randa yake. Tazama kona za mdomo, ule mwanya ambamo kisu kinatokezea, maana chuma cha kusubu hakikunjiki, kikianguka sakafuni kinapasuka, na ufa unaanzia hapo. Weka rula ya chuma kwa ukingo wake chini ya randa, inua kuelekea mwangani. Sehemu tatu lazima ziguse rula: ncha ya mbele, ukingo wa mbele wa mdomo, na mwisho wa nyuma. Katikati pakipitisha mwanga kidogo si neno. Angalia pia kisu kimebaki urefu gani, na kama mgongo wake karibu na makali umeliwa na kutu hadi kuwa na vishimo. Kutu ya juujuu inafutika, vishimo havifutiki, utanoa mpaka Krismasi.

Kingine ni skrubu. Randa hizi za zamani zina skrubu zenye nyuzi za kipimo cha peke yake, hazilingani na bolti za dukani. Ikikosekana moja utazunguka Kariakoo yote na kurudi mikono mitupu, labda ununue randa nyingine mbovu uichinje vipuri. Mpini uliovunjika, kwa upande mwingine, usikutishe hata kidogo. Utumie kushusha bei, kisha chonga wako kwa mninga. Namba 5 yangu niliipata kwa Sh 45,000 kwa sababu haikuwa na mpini wa nyuma, na muuzaji alidhani ananipiga.

Juu ya mgongo wa kisu kuna kipande cha pili cha chuma kinachofungwa kwa skrubu. Wengi wanakifunga popote. Kisogeze: kwa msonobari, milimita moja na nusu hivi kutoka kwenye makali, kwa mninga au mkongo wenye nyuzi zinazokwenda huku na huku, karibia nusu milimita. Kazi yake ni kuvunja maranda kabla hayajaanza kung'oa nyuzi za mbele. Kabla ya kufunga hakikisha kimelala bila mwanya wowote juu ya kisu, la sivyo maranda yataingia hapo na kuziba mdomo.

Misumeno sitaikalia muda mrefu. Ile ya dukani yenye meno yenye rangi ya bluu au nyeusi kwenye ncha imekaushwa meno kwa moto wa umeme, yaani yamefanywa magumu kuliko tupa yako. Ikifa imekufa. Si mibaya, ila ujue unanunua kitu cha kutumia na kutupa. Ule wa zamani wenye meno ya rangi moja na bapa lote unanoleka kwa tupa ya pembetatu miaka na miaka. Ukunje taratibu kwenye upinde, uachie, urudi ulivyokuwa. Ukibaki na mkunjo, asante, kwaheri.

Kuna mwenzetu aliagiza msumeno wa Kijapani, ule unaokata ukiuvuta badala ya kuusukuma. Ni mzuri ajabu. Kwenye msonobari wa Sao Hill unaacha mstari mwembamba na safi. Kisha akauingiza kwenye mkongo mkavu. Meno yale ni membamba na marefu, yametengenezwa kwa mbao laini za kwao. Matatu yalibaki ndani ya ubao. Fikiria mbao utakayoikata kabla ya kufikiria kifaa. Mvule, kwa mfano, huwa na vijiwe vya chokaa ndani yake, unapita raha mustarehe na ghafla kisu kinapiga kitu kama kokoto na makali yanamenyeka. Mtiki nao una chembechembe za silika zinazokula makali polepole. Ukiupiga randa, noa kabla hujahisi haja ya kunoa.

Patasi ndizo zinazonunuliwa vibaya kuliko vyote, kwa sababu zinauzwa kwa seti. Seti ya nane, kumi, kwenye kasha lenye kioo, inapendeza kama zawadi ya harusi. Kazi zako utazifanya kwa nusu inchi na robo tatu, mara mojamoja robo inchi kwa tundu la ulimi mwembamba. Nyingine zitakaa kupamba ukuta. Nunua mbili nzuri. Na ukitaka kujua kama chuma kimekaushwa sawasawa, beba tupa laini mfukoni. Iburuze polepole karibu na makali: ikiteleza bila kushika vizuri, chuma ni kigumu. Iking'ata kama inavyong'ata msumari, hiyo si patasi, ni bapa la kufungulia makopo ya rangi. Omba ruhusa kwanza, maana wapo wauzaji wanaokasirika, na wengine hukasirika kwa sababu wanajua jibu.

Usiwadharau wahunzi wetu hapa. Patasi iliyofuliwa kutoka kwenye springi ya lori haina muhuri wa Sheffield, lakini springi ni chuma kinachokubali kukaushwa na kushika makali. Watazame wachongaji wa vinyago pale Mwenge wanavyoushambulia mpingo kwa tezo na patasi za kufuliwa siku nzima. Mpingo ni kati ya mbao ngumu kuliko zote duniani. Mhunzi mzuri umwambie unataka upana gani na mbao gani, umlipe, urudi baada ya siku mbili. Mgongo utakuja na mabonde, hilo lijue. Msasa namba 220 na uvumilivu.

Skwea, kile kipimo cha kona ya mraba, pia ipimwe kabla hujatoa hela, maana hata mpya huweza kupotoka. Chukua ubao wenye ukingo ulionyooka, egemeza skwea, chora mstari kwa penseli iliyochongwa. Igeuze ikabili upande wa pili, chora tena kuanzia nukta ileile. Mistari ikilala pamoja, lipa. Ikiachana kama miguu ya bata, kosa la skwea ni nusu ya mwanya unaouona, na kila kabati utakalotengeneza litakuwa na kosa hilo.

Sisi tunaoishi pwani tuna adui wa ziada, hewa ya chumvi. Kifaa kilichotoka kwa muuzaji na kutu nyepesi kifungue chote, loweka vipande vya chuma kwenye siki usiku mmoja, sugua kwa brashi ya waya, suuza kwa maji yenye magadi kidogo ili kuua asidi, kausha hapohapo juani na upake mafuta ya cherehani. Usikilaze kwenye siki siku tatu ukidhani kitang'aa zaidi, siki haichagui kati ya kutu na chuma. Baada ya hapo, kila ukimaliza kazi, kitambaa chenye mafuta kipite kabla ya kufunga kasha, kwa sababu jasho la kiganja chako linatosha kuacha alama za vidole vitano ubavuni mwa randa kufikia Jumamosi ijayo. Na yale makasha ya ngozi yanayouzwa na patasi, yaliyo mazuri mazuri, yatumie kubebea tu. Ngozi inanyonya unyevu na kuukumbatiza kwenye makali.

Mwenye kujua duka la Dar linalouza msasa wa maji namba 3000 kwa bei ya kibinadamu, aniambie.