Furu wa dimbwini kwa mtoto
Dada wa Igogo, Mwanza, umeuliza kama mwanao anaweza kufuga viumbe wa dimbwini, kama furu (samaki wadogo wa Ziwa Victoria), bila kununua tangi. Anaweza. Tafuta ndoo ya lita 20 inayoonyesha ndani, weka mchanga uliooshwa vizuri na majani mawili matatu ya majini. Maji ya bomba yakae siku mbili, klorini iishe.

Ila mtoto asiingie dimbwini! Kichocho kipo ziwani kwetu, na konokono ndio wanaokibeba. Chota wewe samaki na majani, na gambuti na glavu, kisha geuza kila jani uondoe mayai ya konokono: hujibandika upande wa chini, kama kamasi.

Furu mmoja mdogo anatosha, wawili watapigana. Dagaa usijaribu, wangu walikufa kabla sijafika nyumbani. Chakula ni viluwiluwi vya mbu, bure.