Skrini ya ndege ndogo ikianza kucheza: ushauri kwa fundi mpya wa umeme wa ndege

Ukitoka chuoni ukaingia hangari, haitachukua muda utakutana na hii: rubani kashuka kwenye Cessna, kaandika kwenye kitabu cha hitilafu "skrini inacheza", kaondoka zake. Basi. Unapanda wewe, unawasha betri, skrini imetulia tuli. Hapo ndipo vijana wengi hushika bisibisi na kuanza kuichomoa.

Nakusihi usianzie hapo. Skrini hizi ni za maelfu ya dola, na nyingi haziruhusiwi kufunguliwa hangarini. Zinapelekwa karakana iliyoidhinishwa, ambayo mara nyingi iko nje ya nchi. Ukipeleka nzima, itarudi na cheti kwamba haina kasoro, bili juu yake, na ndege imekaa chini muda wote huo. Ukiirudisha mahali pake, itacheza vilevile. Nimeona mara nyingi kuliko ninavyopenda, na karibu kila mara tatizo lilikuwa kwenye kinachoilisha skrini.

Kwa hiyo mtafute rubani kabla hajaenda nyumbani. Mwambie, "Kapteni, naomba unieleze ulichokiona," kisha nyamaza usikilize. Neno "inacheza" linabeba mambo mengi. Kama skrini ilizimika ikawaka upya na nembo ya mtengenezaji, umeme ulikatika, hata kama ni kwa sehemu ya sekunde. Kama picha ilibaki ila mwanga ukapungua na kurudi, fikiria mwanga wa nyuma au kidhibiti cha kupunguza mwanga, na kwenye ndege kongwe kile kitufe cha kuzungusha huchakaa ndani kikawa kinagusa na kuachia. Mistari au rangi zilizovurugika zinaelekeza kwenye skrini yenyewe au kebo ya picha. Na kwenye mifumo ya skrini kama Garmin G1000, alama ya X nyekundu juu ya kipimo ina maana taarifa haifiki. Hapo kafuate kihisio na nyaya zake, skrini inafanya kazi yake sawasawa.

Rubani akikuonyesha video ya simu, ipokee kwa shukrani lakini usiiamini moja kwa moja. Kamera ya simu huonyesha mistari inayotembea kwenye skrini nzima kabisa, kwa sababu kasi ya kamera na kasi ya skrini hazilingani. Muulize kama macho yake yenyewe yaliona.

Halafu swali kubwa kuliko yote: ilianza wakati gani? Ikicheza kwa mpigo uleule wa taa za strobu, zile zinazomweka, kuna ethi (njia ya umeme kurudi kupitia bodi ya ndege) au njia ya umeme ambayo skrini na taa hizo zinachangia. Ikicheza anapobonyeza kitufe cha kuongea redioni, angalia kebo ya antena na ethi za nguo ya waya inayozunguka kebo, maana mawimbi ya redio yanaingia pasipostahili. Au volti zinashuka kwa sababu redio inavuta mkondo mwingi inaporusha. Ikicheza kwenye murram tu, kuna kitu kimelegea. Ikibadilika na mizunguko ya injini, nenda kwenye altaneta, yaani jenereta inayozungushwa na injini.

Kuhusu altaneta nitasema kidogo zaidi, kwa sababu wengi huishia kupima volti na kuridhika. Ndege ya betri ya volti 24 inatakiwa ionyeshe kama volti 28 injini ikiwa inazunguka; zile za betri ya volti 12 huonyesha kama 14. Unaweza kuzikuta sawa kabisa na bado altaneta ni mbovu. Ndani yake mna diodi 6 zinazogeuza umeme wa mawimbi kuwa umeme wa moja kwa moja. Moja ikifa, volti za wastani zinaweza kuonekana nzuri lakini umeme una mawimbi, na skrini, redio na vipokea sauti vyote vinayapata. Dalili yake ni mluzi kwenye vipokea sauti unaopanda na kushuka na injini. Weka mita kwenye upande wa AC (umeme wa mawimbi) upime basba, ule upau unaogawia vifaa umeme. Kama una osiloskopu, kifaa kinachochora umbo la umeme, bora zaidi, utaona pengo kwenye mawimbi kwa macho yako. Kipimo hiki kinahitaji injini iwake, kwa hiyo mtu wa leseni awe kitini, na wewe kaa mbali na propela. Waya za kipimo zipitishe mapema, injini ikiwa imezimwa.

Sasa nyaya, ambako nimeikuta kazi nyingi. Sisi tunaohudumia ndege za pwani, zinazoenda Zanzibar, Mafia na Pemba kila siku, chumvi ni jirani yetu. Kuna Cessna 206 moja ilikuwa inacheza skrini kila taa ya kutua ikiwashwa. Ilishabadilishwa breka ya umeme (swichi inayokata mkondo ukizidi), na mtu mwingine alishapima waya wa ethi kwa mlio wa mita: ilipiga pii, akaandika nzima. Ukiingiza kichwa chini ya dashibodi ukamulika tochi nyuma ya redio, ungeona bolti moja yenye vichwa vinne vya waya vimepangwa juu yake. Cha chini kabisa kilikuwa na unga mweupe pembeni, na kidole kilitosha kukizungusha. Chini yake rangi ya bodi haikukwanguliwa tangu siku kilipofungwa.

Mlio wa mita haukudanganya. Uliulizwa swali lisilofaa. Mita hupitisha mkondo mdogo sana, na hata uzi mmoja wa shaba uliobaki unautosha. Lakini taa ya wati 250 kwenye volti 28 inavuta karibu ampea 9. Kama muungo wa ethi una ukinzani wa ohm 0.2 tu, volti karibu 1.8 zinapotea papo hapo, na kila kilichofungwa kwenye bolti ile kinayumba nazo. Ndiyo maana unapima upotevu wa volti mzigo ukiwa umewashwa: ncha moja ya mita kwenye kichwa cha waya, nyingine kwenye bodi safi ya ndege, kisha washa taa. Namba ikiruka, umefika. Pima hivyohivyo kati ya pande mbili za breka, na kati ya pande mbili za swichi kuu ya avioniki (redio, skrini na vifaa vingine vya elektroniki), maana zote huchakaa ndani. Mwongozo wa FAA, mamlaka ya usafiri wa anga ya Marekani, uitwao AC 43.13-1B unataka muungo wa ethi usizidi ohm 0.003. Mita ya kawaida haiwezi kuisoma namba hiyo, kwa hiyo azima mita ya miliohm yenye nyaya nne.

Matengenezo yenyewe ni mepesi: tenganisha betri, kwangua hadi chuma king'ae, badilisha kichwa cha waya, bana kwa koleo lake halisi, si pulaizi, kaza kwa kipimo cha mwongozo, kisha paka kinga ya kutu. Vichwa vinne kwenye bolti moja vigawe kama mchoro unavyosema.

Kama umeme ni safi na ethi ni nzima, sasa itazame skrini. Kwenye G1000 bonyeza kitufe chekundu cha kwenye paneli ya sauti. Vipimo vya rubani vitahamia pia skrini ya pili. Vikitulia kule huku ya kwanza ikiendelea kucheza, tayari umejua mengi bila kufungua skrubu. Kubadilishana nafasi za skrini kunaruhusiwa pale tu namba za sehemu zinapofanana na mwongozo umekubali, na baada yake lazima ukague programu na usanidi. Chomoa konekta utazame pini: iliyoingia nusu hurudi nyuma ukiisukuma kidogo. Usifungue mwili wa skrini. Zile za zamani zina taa za fluoresenti nyuma, na kifaa kinachoziwasha kinatoa mamia ya volti.

Kabla ya kufunga dashibodi, hesabu vifaa vyako, halafu zungusha usukani wa ndege mwisho hadi mwisho, uuvute na kuusukuma wote, mwenzako akimulika nyuma ya paneli. Waya uliofungwa vibaya unaweza kukamata mnyororo wa usukani, na hapo tatizo la skrini limegeuka kuwa jambo la uhai wa watu. Hatua hii usiiruke hata meneja akiwa mlangoni anaulizia ndege.

Kwenye kitabu usiandike "imekaguliwa chini, haina kasoro" kama hujaiona ikicheza. Andika ulichopima, wapi, na mzigo gani ulikuwa umewashwa, ili atakayekuja baada yako asianze sifuri. Kisha mwambie rubani wa safari inayofuata awashe taa na strobu angali chini, aitazame skrini, na akupigie akitua.